Ukoma unaojitokeza baada ya kuanza ARV

Huu ni ukoma unaoonekana kwa mtu anayeishi na VVU, mara nyingi ndani ya miezi 6 ya kwanza ya kumeza ARV. Dawa hizo hazileti ukoma. Bakteria wake, Mycobacterium leprae, huwa tayari mwilini. Huzaana polepole mno, na mtu anaweza kuishi nao miaka mingi bila dalili. Seli za CD4 zinapoongezeka, kinga iliyokuwa imedhoofika hupata nguvu, huwatambua bakteria hao na kuwashambulia kwenye ngozi na neva. Mabaka huvimba na kuwa mekundu, neva huuma, mkono au mguu hufa ganzi.

Kisa cha kwanza kuelezwa katika majarida ya tiba, mwaka 2003, kilimhusu Mganda aliyekuwa akiishi London. Vingi vilivyofuata vilitoka Brazili na India.

Suala hili linaigusa Kenya pia: Kaunti ya Nyamira, kwa mfano, inapakana na Homa Bay, kaunti iliyoelemewa sana na VVU. Ukoma wenyewe umekuwa adimu nchini, na hapo ndipo hatari ilipo: mhudumu ambaye hajawahi kuuona hudhani ni choa. Kipimo rahisi ni kuligusa baka kwa pamba, lisilohisi lichunguzwe.

ARV haziachwi. Mgonjwa huongezewa rifampisini, dapsoni na klofazimini kwa miezi 6 au 12, pamoja na predinisoloni neva zikiwa hatarini. Rifampisini ya ukoma humezwa mara moja kwa mwezi, si kila siku kama ya kifua kikuu.