Kilichomo Mwilini ni Dhamana ya Nani?

Katika marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1904 mjini St. Louis, Mmarekani Fred Lorz alitangulia kuingia uwanjani, kisha ikabainika kwamba sehemu ya njia aliikata akiwa ndani ya gari. Akafutwa. Ushindi ukaenda kwa mwenzake, Thomas Hicks, ambaye njiani wasaidizi wake walikuwa wakimpa brandi, ute wa yai na strikinini, sumu ambayo kwa kiasi kidogo huchangamsha mwili. Hicks alifika hajiwezi, lakini medali ilibaki yake, kwa kuwa hakuna kanuni aliyoivunja. Michezo ya enzi hizo ilijua kuadhibu hila ya gari na haikuona hila yoyote katika dawa. Tena dawa ile haikutoka mfukoni mwa mkimbiaji. Waliomnywesha walikuwa watu wake wa karibu. Katika karne iliyofuata sheria za michezo zilijifunza kumbana mwanariadha, zikachelewa mno kuufuata mkono uliompa dawa. Ukali huo kwa mwanariadha ulikuwa wa lazima na unastahili kubaki, ila peke yake hauwezi kuyasafisha mashindano.

Ukali wenyewe haukuja mapema. Shirikisho la kimataifa la riadha lilipiga marufuku vichangamsho mwaka 1928, lakini pasipo vipimo marufuku hiyo ilibaki kwenye karatasi kwa miongo minne. Mwaka 1967 Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufa akipanda Mont Ventoux katika mbio za baiskeli za Tour de France, na amfetamini zikakutwa mwilini mwake. Mwaka uliofuata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianza kupima washindani. Wa kwanza kunaswa, katika michezo ya Mexico, alikuwa Msweden Hans-Gunnar Liljenwall, aliyekuwa amekunywa pombe kabla ya kulenga shabaha. Timu yake yote ikapoteza shaba.

Vipimo vilipoanza, likazuka swali ambalo halijaisha hadi leo: je, asiyekusudia kudanganya naye aadhibiwe? Mwaka 1972 mjini Munich, mwogeleaji Rick DeMont wa Marekani, kijana wa miaka 16, alipokonywa dhahabu ya mita 400 kwa sababu ya efedrini iliyokuwa katika dawa yake ya pumu. Dawa hiyo alikuwa ameitaja kwenye fomu. Madaktari wa timu hawakuishughulikia ipasavyo. Mjini Sydney mwaka 2000, Mromania Andreea Răducan, naye mwenye miaka 16, alipoteza dhahabu ya jimnastiki kwa kidonge cha mafua alichopewa na daktari wa timu. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikubali kufutwa kwa matokeo yake, ijapokuwa hakuna aliyedai kwamba binti huyo alikusudia hila. Wengi waliona huo ni uonevu, na kwa jicho la huruma ni vigumu kuwapinga. Lakini tazama upande wa pili. Nia hukaa moyoni, na hakuna maabara inayoweza kuipima. Kama kila anayekutwa na dawa angeachiwa kwa kusema hakujua, wote wangesema hawakujua, na aliyeshindana akiwa safi asingekuwa na pa kudai haki yake. Mwaka 2008 mjini Beijing, dhahabu ya mita 1,500 ilichukuliwa na Rashid Ramzi wa Bahrain. Alipokutwa na dawa akafutwa, na dhahabu ikamwendea Mkenya Asbel Kiprop. Kwa hiyo kanuni hii, inayoonekana kuwaelemea wakimbiaji wetu, imewahi pia kuwarudishia haki.

Hata hivyo, kanuni inayogawa medali kwa haki haitoshi kumpata mkosaji halisi. Ushahidi mkubwa uko Ujerumani Mashariki. Kuanzia miaka ya 1970 serikali yenyewe iliendesha mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo homoni, na wasichana wadogo walimezeshwa vidonge vya buluu wakiambiwa ni vitamini. Baadhi yao waliishi na madhara ya mwili maisha yao yote. Mwaka 2000, miaka kumi baada ya dola hiyo kutoweka, mahakama ya Berlin iliwatia hatiani mkuu wa zamani wa michezo, Manfred Ewald, na daktari Manfred Höppner, na wote wawili wakapewa vifungo vya nje. Kumbana mwanariadha peke yake kungekuwa kumwadhibu mwathirika na kumwacha mhalifu ofisini mwake.

Funzo hilo liliingia katika sheria polepole. Baada ya kashfa ya dawa iliyoikumba timu ya Festina katika Tour de France ya 1998, liliundwa shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, WADA, mwaka 1999, na kanuni zake zikaanza kutumika mwaka 2004. Zinamwajibisha mwanariadha kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, na bingwa aliye kwenye orodha ya upimaji hutakiwa kutaja saa moja ya kila siku na mahali atakapopatikana. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 anaweza kufungiwa. Lakini zinaharamisha pia kumpa mtu dawa, kuiuza na kusaidia kuificha, na tangu 2015 zinamkataza mwanariadha kufanya kazi na kocha au daktari aliyefungiwa.

Kenya imeyapitia haya kwa uchungu. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alikutwa na dawa haramu iitwayo EPO mwaka 2014. Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na pufya, yaani dawa haramu michezoni, mwaka 2016, WADA likiwa limeibana nchi. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, alikutwa na EPO hiyo hiyo mwaka 2017, kisha akaongezewa adhabu kwa kujitetea kwa nyaraka za hospitali zisizo za kweli. Hata Kiprop, aliyerithi dhahabu ya Ramzi, alifungiwa miaka minne kwa EPO.

Wapo wanaosema wakimbiaji wetu ni watoto wa wakulima, hawajui orodha ndefu ya dawa, na hudanganywa na wenye duka la dawa. Kwa kijana anayeanza, hoja hiyo ina uzito, na kanuni zenyewe huruhusu adhabu ipunguzwe pale uzembe unapokuwa mdogo. Lakini EPO huingia mwilini kwa sindano, na bingwa aliyekwisha kupimwa mara nyingi hawezi kusema hajui sindano ni nini. Wala hawezi kuipata pasipo mtu wa kuiuza na wa kuidunga. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika riadha mara nyingi hula peke yake. Jina lake hutangazwa duniani, naye muuzaji humsubiri mteja mwingine. Mwanariadha aendelee kujibu kwa kilichomo mwilini mwake. Lakini kila anapofungiwa, uchunguzi usifungwe mpaka ijulikane dawa ilitoka wapi, na nchi ihesabu mafanikio yake kwa wauzaji, madaktari na makocha waliofikishwa mahakamani, si kwa wakimbiaji waliofungiwa tu.