Kilichoipa Theluji Makali

Anayetaka picha kali ya kitu kidogo huambiwa kwanza atafute lenzi bora. Historia inaelekeza kwingine. Januari 15, 1885, Wilson Bentley, kijana wa miaka 19 kutoka familia ya wakulima huko Jericho, Vermont, nchini Marekani, alipiga picha yake ya kwanza ya chembe moja ya theluji kwa kuunganisha hadubini na kamera ya mvukuto. Vifaa hivyo havikuwa siri ya mtu. Mwenye fedha aliweza kuvinunua. Ubora ulitokana na jinsi alivyovitumia.

Kitu kikikuzwa sana, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno: ukilenga uso wa juu, wa chini unaingia ukungu. Bentley alibana tundu la lenzi likawa dogo kabisa, na ukungu ukapungua. Lakini tundu dogo huleta giza, hivyo ilibidi mwanga uingie kwa sekunde nyingi, na hapo ndipo utulivu ulipodaiwa. Alifanya kazi katika banda lisilo na moto. Alikinga theluji kwa ubao mweusi, akaokota chembe moja kwa kijiti, akailaza juu ya kioo kwa unyoya huku amebana pumzi, kwani joto la pumzi lingeiyeyusha. Hata kwenye baridi kali, ncha za barafu hugeuka mvuke zikawa butu, kwa hiyo mkono wake ulihitaji upole na haraka kwa pamoja. Na kwa kuwa hakuweza kuifikia skrubu ya kulengea akiwa nyuma ya kamera, aliunda magurudumu na kamba za kuizungusha.

Gustav Hellmann, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, alimshutumu kwa kuziharibu picha. Ni kweli Bentley alikwangua tabaka la dawa ya picha kuzunguka umbo kwenye nakala za negativi ili usuli uwe mweusi, na ukingo uliofuatwa kwa kisu hauwezi kuaminiwa kikamilifu. Hata hivyo, mistari na viputo vya hewa vilivyo ndani ya chembe vilichorwa na mwanga, si kisu. Kosa zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kuzipendelea chembe zenye ulinganifu, ilhali nyingi huanguka zimevunjika au zimepinda. Hilo ni kosa la uteuzi. Ukali wa picha haliugusi.

Kitabu chake, Snow Crystals, kilitoka mwaka 1931 kikiwa na picha zaidi ya 2,400. Alifariki Desemba mwaka huohuo, na kamera aliyoitumia miaka yote hiyo ilikuwa ileile.