Huru na Bure: Historia Fupi ya Programu Huria



Kijana wetu anayesomea uzamivu hapa Guangzhou mara nyingi huchambua takwimu zake kwa programu iliyolipiwa na chuo. Siku akirudi nyumbani, leseni inabaki chuoni. Takwimu anazo, lakini chombo cha kuzifungulia hana. Wengi hapo hukimbilia nakala za wizi. Ipo njia nyingine, nayo ina historia yake.

Mwaka 1983, Richard Stallman wa taasisi ya MIT, Marekani, alitangaza mradi wa GNU: programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza ndani, kuzirekebisha na kuwagawia wenzake. Kiingereza kilimtatiza, maana kina neno moja kwa "huru" na "bure". Sisi tunayo mawili. Programu ya bure inaweza kukufunga sawasawa na ya kulipia. Programu huria haikufungi, hata ukiinunua.

Watafiti walinufaika mapema. Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walitengeneza R, programu ya takwimu, na mwaka 1995 wakaitoa kwa leseni ya GNU. Leo inatumika katika vyuo duniani kote. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, kikatoa Zotero, inayotunza marejeo na kuyapanga.

Lakini sura inayotuhusu zaidi iliandikwa Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye amri za Kiswahili. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni wala kungoja soko letu likue. Leseni ilikwisha kuwaruhusu.

Ruhusa, hata hivyo, haifanyi kazi yenyewe. Mwaka 2010 watengenezaji wengi wa OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isiyotunzwa huchakaa. Wazee wetu wa Tanganyika walisema "Uhuru na Kazi", wakijua kwamba la kwanza halidumu bila la pili.

Basi, mwanafunzi, jifunze R mapema, kabla leseni ya chuo haijakwisha. Nawe mwenye Kiswahili fasaha na saa moja kwa wiki, watafsiri bado wanahitajika.