Biti ya Tisa: Historia ya Kutafuta Ubovu katika Kompyuta za Kujiundia

Kompyuta za kwanza kuingia majumbani ziliingia zikiwa vipande. Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani liliweka jaladani Altair 8800, mashine ya kampuni ya MITS ya Albuquerque, iliyouzwa chini ya dola 400 kwa aliyekuwa radhi kulehemu kila kipande mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala skrini. Usoni ilikuwa na swichi na safu za taa ndogo nyekundu, na kumbukumbu yake ilianzia baiti 256 tu. Mashine hiyo ikikwama, mshukiwa wa kwanza alikuwa muundaji mwenyewe: tone la lehemu lililounganisha njia mbili, kapasita iliyogeuzwa, chipu iliyozama kwenye soketi mguu mmoja ukiwa umejikunja. Aliingiza namba kwa swichi, anwani baada ya anwani, kisha akasoma taa kuona kama namba ile ile inarudi.

Waundaji wa aina hiyo walianza kukutana Machi 1975 katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, na mkusanyiko wao ukaitwa Homebrew Computer Club. Kadi za kumbukumbu za baiti 4,096 za MITS ziliwasumbua mapema, kwa kuwa chipu zake zilihitaji kuhuishwa umeme kila mara na hazikutulia. Mwanaklabu Bob Marsh akaanza kuuza kadi za chipu zisizohitaji kuhuishwa. Dawa ya ubovu ikawa duka.

IBM PC ya Agosti 1981 ilikuja na desturi ya kujipima kabla ya kazi. Mambo yakiwa shwari ililia mara moja, kwa sauti fupi. Penye walakini iliandika namba. 301 ilikuwa kibodi, 601 diski laini, 201 kumbukumbu. Hiyo 201 ilikuwa fasaha ajabu. Tarakimu zilizoitangulia zilitaja safu ya chipu na biti yenyewe, hata fundi akajua ni chipu ipi achomoe kati ya tisa zilizopangwa katika safu hiyo.

Baiti ina biti nane. Chipu ya tisa ilikuwa shahidi. Kila baiti ilipoandikwa, biti ya tisa iliwekwa 0 au 1 ili idadi ya moja zote iwe witiri. Ikisomwa na kukutwa shufwa, mashine ilisimama papo hapo na kutangaza kosa la kumbukumbu. Biti mbili zikigeuka kwa pamoja shahidi huyo hakuona kitu, lakini kosa la biti moja halikumpita. Wala si kila kosa lilimaanisha chipu imekufa: mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha kwamba chembe za urani na thori zilizomo kwenye ganda la chipu hutoa mnururisho unaoweza kugeuza biti na kuiacha chipu yenyewe ikiwa nzima. Zaidi ya hapo kulikuwa na joto, ambalo kwa kupanda na kushuka kila siku liliziinua chipu kidogo kidogo kutoka soketini. Tiba ilikuwa kuzikandamiza kwa kidole gumba. Fundi wa mtaani anayechomoa ram, yaani kadi ya kumbukumbu, leo na kusugua meno ya kadi hiyo kwa kifutio cha penseli bado anapigana na adui yule yule, mgusano hafifu.

Miaka ya 1990 bei zilishuka na ushindani ukawa mkali, na chipu ya tisa ikaonekana gharama ya bure. Ikaondolewa katika kompyuta nyingi za nyumbani. Huo ulikuwa ubahili wa kujutia. Kuanzia hapo biti iliyogeuka ilipita kimya, ikaharibu faili au kuangusha programu isiyo na hatia. Skrini ya buluu, iliyokuja na Windows NT mwaka 1993, ilitaja namba ya kosa na programu za kuendeshea vifaa (driver) zilizokuwa zimepakiwa, na mtumiaji akazichukulia kuwa mkosaji.

Pengo hilo lilizibwa na programu za kutesa mashine. Memtest86 ya Chris Brady hujiwasha bila mfumo endeshi, hujaza kumbukumbu ruwaza za namba, kisha huisoma upya. Prime95 ya George Woltman, ya 1996, ilikusudiwa kusaka namba tasa kubwa sana. Majibu ya baadhi ya hesabu zake yanajulikana tangu awali, kwa hiyo jibu likipotoka kosa ni la mashine. Waliozidisha kasi ya prosesa waliigeuza kuwa kipimo chao, wakiiacha ikikokotoa usiku kucha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 macho yalipata tena kazi: kapasita nyingi zenye maji mabovu ndani zilivimba vichwa na kuvuja, zikaua ubao mama kabla ya umri wake.

Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchambuzi wa rekodi za kompyuta za kawaida zipatazo milioni moja. Kati ya zilizokuwa zimefanya kazi jumla ya siku 30 au zaidi, 1 kati ya 190 iliangushwa na hitilafu ya upande wa prosesa. Kati ya hizo zilizoanguka, takriban 1 kati ya 3 ilianguka tena. Mashine zilizozidishiwa kasi zilikuwa na hali mbaya zaidi. Kuwasha upya na kusahau, basi, ni kujidanganya.

Ishara nazo zinapotosha. Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 walikuwa wakiona michezo ikifa kwa ujumbe kwamba kumbukumbu ya video haitoshi, na lawama ikaelekea kadi ya picha. Mwaka 2024 Intel ilieleza kuwa volti zilizopanda kupita kiasi zilikuwa zikiichakaza prosesa yenyewe. Marekebisho ya Agosti mwaka huo yalilenga kuzuia madhara mapya, ila chipu iliyokwisha kuumia ilibidi ibadilishwe.

Kwa mwenye mashine ya kujiundia, njia imebaki ya kizamani: kurudisha kasi zote za kiwandani, kuacha ram moja, kuipima, kuihamishia nafasi nyingine, kuazima pawa saplai, kubadili kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Ram za DDR5, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 2020, zimerudisha biti za ziada ndani ya chipu. Hizo hurekebisha kosa la biti moja humo humo, na kwa kawaida kompyuta haipewi habari.