Kidole na Filamu: Kamera Ndogo za Feza Nyingi

Juzi mmoja wetu alituonesha tangazo kwenye simu: kamera ndogo ya filamu, Contax T2, tena ya mitumba, bei inapita dola 1,000. Kwanza tulicheka. Halafu ubishi ukaanza: feza yote hiyo inanunua nini? Tukaamua kuifuata historia yake, na tulichokikuta hakikuwafurahisha wale waliokuwa wanaitamani.

Tuanzie 1977. Mwaka huo Konica ya Japani ilitoa C35 AF, kamera ya kwanza ya watu wa kawaida iliyoweza kupima umbali yenyewe. Kabla ya hapo mpiga foto alizungusha lensi kwa mkono, au alikisia. Sasa ni kubonyeza tu. Lakini kazi ukimwachia mashine, nayo inataka muda wake. Unabonyeza, kamera inapima umbali na mwanga, mota ndogo inasogeza lensi, ndipo shata inafunguka. Muda huo ni mfupi sana, eh, lakini piga hesabu. Mtoto anakimbia mita 3 kwa sekunde. Kamera ikichelewa sehemu 3 tu za 10 za sekunde, mtoto ameshasogea karibu mita nzima. Unabaki na foto ya kisigino.

T2 yenyewe ilitoka 1990, kazi ya Kyocera, ile kampuni iliyoichukua Yashica mwaka 1983. Angalieni wakati wenyewe. Japani ilikuwa imetoka kwenye miaka ya utajiri wa haraka. Soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni mwisho wa Desemba 1989, kisha likaanza kuporomoka. Kamera hii ilibuniwa watu wakiwa bado wana feza ya kuchezea. Mwili wa titaniamu, lensi ya Zeiss aina ya Sonnar, mm 38. Ni kitu cha kuweka mezani wageni wakione.

Lakini kwenye kidole, mambo ni mengine. Ukibonyeza nusu, T2 inapima umbali na kuukumbuka tu. Lensi haijasogea bado! Inasogea pale unapobonyeza mpaka mwisho. Kwa hiyo hata ukijiandaa mapema, bado unaisubiri mota.

Na kumbe Kyocera hao hao, miaka ile ile, walikuwa wanauza Yashica T4: mwili wa plastiki, bei ya chini, na lensi nayo ya Zeiss, aina ya Tessar. Hapa ubishi wetu uliwaka kweli. Wengine walisema Sonnar inaingiza mwanga zaidi, na ni kweli. Wengine wakauliza, sasa hiyo tofauti ndogo ya mwanga inafaa feza yote hiyo, au tunalipia titaniamu?

Kampuni nyingine zikafuata. Nikon ilitoa 35Ti mwaka 1993. Mwaka 1996 zikatoka mbili: Minolta TC-1, yeni 148,000, na Ricoh GR1, yeni 95,000. Sisi tunaona Ricoh ndio waliolielewa tatizo. GR1 ina chaguo linaloitwa Snap: lensi inakwenda moja kwa moja kwenye mita 2, haipimi umbali wowote. Kwa kuwa lensi ya mm 28 inaona upana mkubwa, watu walio mbele au nyuma kidogo ya hizo mita 2 nao wanatoka vizuri. Ni ujanja wa wapiga foto wa zamani, umerudishwa ndani ya mashine mpya. Daido Moriyama, mzee wa foto za mitaani Tokyo, alizipenda kamera hizi za GR.

Contax walirekebisha kwenye T3, mwaka 2001: unaweza kuipanga lensi isogee tangu unapobonyeza nusu. Miaka 11 baadaye! Mwaka 2005 Kyocera wakaacha kabisa biashara ya kamera. Leo T2 ikiharibika, vipuri ni vya kutafuta kwenye T2 nyingine iliyokufa.

Tusiionee. Mama akikaa kwenye kiti, ametulia, amevaa kitenge chake cha sikukuu, T2 itampiga vizuri sana. Lakini foto tunazozililia sisi ni za kuagana. Gari la wanaosafiri likianza kuondoka, mkono unaopunga dirishani haungoji mota. Na filamu ina foto 36 tu. Ile iliyochelewa umeilipia sawa na iliyowahi.

Mwenzetu hakununua ile ya tangazo. Amepata ya plastiki, ya zamani, isiyo na jina kubwa, na anajizoeza kubonyeza mapema kidogo, kabla mkono haujapanda juu. Filamu ya kwanza bado iko ndani. Zimebaki foto 11.