Vyuo Vikuu vya Binafsi Butembo na Beni: Historia na Suala la Lugha

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi miji miwili ya Kivu ya Kaskazini, Butembo na Beni, ilivyopata vyuo vikuu vya binafsi, na kudadisi nafasi ya Kiswahili katika jumuiya za vyuo hivyo.

Historia hii inaanzia mbali na Kivu. Mwaka 1954 Kanisa Katoliki lilianzisha Chuo Kikuu cha Lovanium katika mji ambao leo ni Kinshasa. Mwaka 1963 Waprotestanti nao walianzisha chuo chao Kisangani. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo hivyo pamoja na kile cha Lubumbashi, vikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, lakini vyuo vyote vitatu vilibaki mikononi mwa serikali. Kwa kijana wa Butembo, hata Kisangani kulikuwa ng'ambo ya msitu wa Ituri.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1989, serikali iliporuhusu tena vyuo vya binafsi. Mwaka huo huo Emmanuel Kataliko, Askofu wa Butembo-Beni, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Hatua hiyo haikuwa ya kushangaza. Wafanyabiashara Wanande walikwisha zoea kujitegemea, wakiuza kahawa na kuleta bidhaa kutoka Afrika ya Mashariki na Asia, bila kuingoja serikali iliyokuwa ikidhoofika. Kataliko alihamishiwa Bukavu mwaka 1997, akafariki Roma mwaka 2000. Chuo chake kilivuka vita na kinaendelea hadi leo.

Beni ilifuata mwaka 2007, kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo. Mwanzilishi wake, David Kasali, alikuwa amekiongoza chuo cha theolojia mjini Nairobi. Lugha mbili zinazotajwa katika jina hilo ni Kifaransa na Kiingereza: ya kwanza ni ya dola, ya pili ni ya majirani walio ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Hakuna kati ya hizo iliyo lugha ya sokoni. Mwenye Kinande akikutana na mgeni atokaye Bunia au Goma, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha.

Je, jambo hili lina uzito gani? Jibu moja limo katika msiba. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika eneo la Beni mwezi Agosti 1, 2018, na hadi ulipotangazwa kwisha mwezi Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliishambulia hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni aliyekuja kuponya ndiye aliyeuawa. Hatudai kwamba lugha ingezuia risasi. Hata hivyo, tunaona kwamba ujuzi unaofundishwa kwa lugha ya mbali huwa mwepesi kushukiwa, na kwamba daktari au mwanasheria aliyesomea Kifaransa pekee hulazimika kuanza upya kila akitaka kueleza fani yake kwa wagonjwa na wateja wake.

Kwa kuhitimisha, Katiba ya mwaka 2006 imekitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vyuo vya Butembo na Beni vilizaliwa kwa sababu wenyeji walikataa kungojea Kinshasa. Itakuwa ajabu basi vikiingoja Kinshasa iwaamulie kama lugha ya ua wa chuo inastahili kuingia darasani. Tunawaalika wanaisimu wa Dodoma, Nairobi na Kampala washirikiane na wenzao wa huko katika kuunda istilahi za tiba, sheria na kilimo, kwa kuanzia na maneno ambayo wenyeji wenyewe wanayatumia.