Bunduki za shabaha za kufunguliwa vipande: je, zinastahili gharama kwa msafirishaji?

Kwa wenye malori na mizigo katika njia ya Arua, Koboko, Oraba hadi Kaya na Yei, mazungumzo ya silaha si mageni. Vita vilivyosambaa Equatoria mwaka 2016 vilifanya barabara za Sudan Kusini kuwa za hatari, na makazi ya wakimbizi ya Omugo yaliyofunguliwa mwaka 2017 ni moja ya matokeo yake. Omugo ilikuwa chini ya wilaya ya Arua hadi Julai 2020, ilipoingia wilaya mpya ya Terego.

Katika hali hiyo, bunduki ndogo inayofunguka vipande viwili na kuingia katika begi huweza kuonekana kama jibu zuri. Makala haya yanaeleza bunduki hizo ni nini, zinagharimu nini hasa, na kwa nini forodha huziangalia kwa jicho kali.

Ni bunduki ya namna gani?

Ni bunduki ambayo mtutu wake hutenganishwa na kitako bila kutumia vifaa vingi, ikafungashwa katika mfuko au sanduku fupi. Wazo hili ni la zamani. West Nile ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, lililokodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894. Alipofariki Desemba 1909, eneo hilo lilirudishwa Sudan mwaka 1910, na sehemu ya kusini ikaingizwa Uganda mwaka 1914. Wawindaji wa pembe za ndovu, akiwemo W.D.M. Bell, walizunguka humo na bunduki zao. Mapema mwaka 1910 Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliwinda vifaru weupe kando ya Nile. Miongoni mwa silaha zake ilikuwa bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, ambayo mitutu yake hutoka kwenye kitako ikalala katika sanduku. Mizigo ilibebwa na wapagazi, hivyo ufupi wa sanduku ulikuwa na maana.

Za leo ziko za aina nyingi. Ruger 10/22 Takedown ya Marekani, iliyotoka mwaka 2012, hutumia risasi ndogo ya .22 na bei yake huko ni dola mia kadhaa. Blaser R8 ya Ujerumani, ya mwaka 2008, ni ya wawindaji wakubwa na hugharimu dola elfu kadhaa kabla ya kuongeza darubini.

Shabaha hupotea wapi?

Tatizo la bunduki ya kufunguliwa ni kurudi mahali pale pale inapofungwa tena. Wapiga shabaha hupima kwa dakika ya pembe: dakika moja ni karibu sentimita 2.9 kwa umbali wa mita 100. Mtutu ukihama dakika mbili tu, risasi hukosea karibu sentimita 6 kwa mita 100, na zaidi ya sentimita 17 kwa mita 300.

Kwa hiyo cha kuangalia kwanza ni mahali darubini ilipofungwa. Katika Blaser R8 darubini hukaa juu ya mtutu wenyewe, hivyo vitu hivyo viwili huenda pamoja. Katika Ruger 10/22 Takedown darubini hukaa kwenye sehemu ya kufyatulia, na mtutu hutoka peke yake. Kila inapofungwa, mwenyewe anapaswa kupiga risasi za kujaribia kabla ya kuiamini. Tofauti kubwa ya bei inatokana kwa sehemu na jambo hilo.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Anayenunua bunduki ya shabaha hulipia pia darubini, risasi za kujaribia, mafunzo, sehemu salama ya kuhifadhi na leseni. Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 hairuhusu raia kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na kuingiza silaha nchini kunahitaji kibali chake. Cheti cha Uganda hakina nguvu Kaya wala Aru. Ukivuka mpaka, wewe ni mtu mwenye silaha bila ruhusa.

Kuna Itifaki ya Nairobi pia, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Uganda, Kenya na Kongo zikiwemo. Inazitaka nchi wanachama zipige marufuku raia kumiliki bunduki zinazojikoki zenyewe. Ruger iliyotajwa hapo juu ni ya kujikoki. Bei yake nafuu isimdanganye mtu.

Kwa Sudan Kusini, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka marufuku ya silaha Julai 2018, na limekuwa likiyaongezea muda, ikiwa ni pamoja na Mei 2025.

Forodhani: vipande viwili ni bunduki moja

Hapa ndipo wasafirishaji wengi wanaweza kuumia bila kukusudia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika bidhaa zenye masharti. Bunduki za uwindaji na shabaha ziko katika kifungu cha 93.03, vipuri vyake 93.05, na darubini za kufungwa kwenye silaha 90.13.

Mtu akikuambia kwamba mzigo wake ni "vipuri tu" kwa sababu mtutu uko katika boksi moja na kitako katika jingine, usikubali. Kanuni ya 2(a) ya kutafsiri majedwali ya forodha inasema bidhaa iliyofunguliwa vipande huhesabiwa kama bidhaa kamili. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, nayo huhesabu sehemu ya bunduki kuwa bunduki, na mzigo mwingi wa Arua hupitia Mombasa.

Tamko la uongo forodhani linaweza kuleta kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Gari lililobeba bidhaa inayopaswa kutaifishwa nalo linaweza kutaifishwa. Lori likipotea, deni la benki linabaki.

Inamfaa nani?

Inamfaa mwindaji mwenye leseni anayesafiri kwa ndege na ambaye vibali vyake, pamoja na kile cha mamlaka ya wanyamapori, vimekamilika kabla ya kuondoka kwao. Kwake sanduku fupi ni nafuu ya kweli.

Kwa dereva njiani, faida hiyo haipo. Bunduki iliyo vipande haisaidii katika shambulio la ghafla. Hadi ifungwe, mambo yameisha. Bunduki ya shabaha ni ya kutulia na kulenga mbali. Na ufupi unaoifanya iuzike ndio unaomfanya askari wa kizuizini aulize kwa nini imefichwa.

Kabla ya kupakia

Msafirishaji anashauriwa kufanya haya:

1. Afungue na kuorodhesha kila boksi la mteja asiyemfahamu.
2. Adai vibali halisi vya nchi inakotoka silaha, inakopitia na inakokwenda, si nakala.
3. Alinganishe namba iliyopigwa kwenye bunduki na iliyo kwenye kibali.
4. Amwachie wakala wa forodha mwenye leseni aandike tamko kwa kifungu sahihi.
5. Akikuta silaha asiyoijua ndani ya mzigo, asiiguse wala kuisogeza. Atoe taarifa polisi kabla ya kufika mpakani.

Kwa ulinzi wa mzigo, fedha hizo zina kazi bora zaidi: bima, kusafiri kwa msafara, kuuliza hali ya barabara kabla ya kutoka Koboko, na walinzi wa kampuni iliyosajiliwa kwa upande wa Uganda.